Kengele ya Msiba Saa ya Mpira

Kengele ya kanisa letu haikuwa kengele. Ilikuwa rimu ya lori, nzito, yenye kutu pembezoni na kung'aa mahali pamoja tu, pale ilipokuwa ikigongwa miaka nenda miaka rudi. Ilining'inia kwa mnyororo kati ya nguzo mbili zilizosimikwa kwenye ufa wa jiwe kubwa, juu ya kilima chetu huko Butimba, upande ule unaoshuka ziwani. Ukiigonga kwa kipande cha nondo, mlio wake uliruka juu ya mabati ya nyumba za mteremkoni, ukafika mpaka chini majini kwa wavuvi waliokuwa wakishona nyavu zao. Mimi ni mtu wa hofu, sijifichi. Nikitoka nyumbani hurudi mara mbili kuangalia kama nimefunga mlango. Lakini hakuna kinachonitia hofu kama chuma kikigongwa. Hata leo, fundi wa gereji akinyoosha bampa huku mjini Mwanza, huacha kwanza nilichoshika, ndipo nakumbuka kwamba mimi ni mama wa mtu na sina kesi ya kujibu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa katekista wa kigango, yaani kanisa dogo lisilo na padre wake. Padre alikuja mara moja kwa mwezi, na siku nyingine zote Baba ndiye aliyeongoza ibada, akafundisha watoto sala, akazika wafu, akapatanisha wagomvi, na jioni akalima matuta yake ya viazi katikati ya mawe. Watu wote walimwita Mwalimu. Tuliishi kwenye nyumba ya kigango, vyumba viwili nyuma ya kanisa, mimi, yeye, Mama na Bibi mzaa Baba. Na kwa kuwa nilikuwa mtoto pekee, kazi ya kugonga rimu ilikuwa yangu tangu nilipopata nguvu ya kuinua nondo. Baba alinifundisha kwa uvumilivu. Sala ya Malaika wa Bwana ni mapigo matatu, matatu, matatu. Ibada ni mapigo ya haraka yasiyohesabiwa, mpaka mkono uchoke. Msiba ni pigo moja, kisha unanyamaza, unasali Salamu Maria nzima moyoni bila kuikimbiza, ndipo unapiga jingine. "Usipige msiba kwa haraka," aliniambia. "Marehemu hana pa kuwahi."

Mlio huo wa tatu ulikuwa na nguvu ambayo sijaiona mahali pengine. Ukilia, mwanamke aliacha ugali ukiungua. Wavuvi walivuta mitumbwi. Waislamu wa kule chini walipanda, Wasabato walipanda, na wale wasiosali popote walipanda pia, wengine mbele ya wote. Hakuna aliyeuliza kwanza ni nani aliyekufa. Waliuliza wakishafika, wakiwa wamesimama tayari kutumwa, huyu akachote maji, yule akakate miti, wengine wachimbe. Na kuchimba kaburi katika ardhi yetu ya mawe si kazi ya watu wawili. Labda ndiyo maana. Kila mtu alijua kwamba siku moja na yeye atahitaji mikono mingi.

Mwaka huo Kombe la Dunia lilikuja Afrika kwa mara ya kwanza. Hatua hamsini kutoka mlango wa kanisa, bwana mmoja aliyeitwa Kulwa, fundi redio mwenye maneno mengi na moyo mwema, alikuwa amejenga kibanda cha mbao, akaweka televisheni, jenereta, mabenchi, na juu ya bati dishi kubwa jeupe. Kabla ya kibanda hicho, Jumapili kanisa lilijaa mpaka watoto wakakaa sakafuni. Baada yake, mabenchi ya nyuma yalianza kuwa matupu, kisha ya katikati. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na kilima chetu kilikuwa zizi dogo. Nilimwona Baba, akiwa anasoma Injili, anainua macho kutazama mlango kila kivuli kilipopita.

Sebuleni kwetu palikuwa na ramani ya dunia, iliyokatwa kwenye kalenda ya zamani ya kimisionari, yenye misalaba midogo myekundu kila mahali Kanisa lilipofika. Baba aliipenda. Alikuwa akiweka kidole Brazili, kisha Ufilipino, kisha hapa kwetu ziwani, akisema, "Hapa, hapa na hapa, wanasali Baba Yetu ile ile." Kulwa naye alibandika kibandani ratiba ya mechi, karatasi kubwa yenye bendera za mataifa thelathini na mawili. Nikitoka shule nilisimama kuitazama, nikienda nyumbani naitazama ramani, na kichwani nikawa nashindanisha. Brazili walikuwa kote kuwili. Italia vivyo hivyo. Lakini Japani, ambayo kwa Baba ilikuwa na misalaba miwili tu imejibanza pembeni, kwa Kulwa ilikuwa na bendera nzima sawa na wengine. Nilimuuliza Baba ni kipi kimefika mbali zaidi, dini au mpira. Aliniambia kwamba dini ilikuja kwetu kwa mitumbwi, ikiletwa na watu waliougua homa na kufia njiani, na ikachukua vizazi kupanda kilima hiki. Nikamwambia mpira ulikuja Jumamosi moja tu, na fundi wa dishi alishuka kabla chai haijapoa. Sikusema kwa ujeuri, nilikuwa napiga hesabu zangu kwa sauti. Baba alikunja mikono ya shati lake, akaenda kwenye viazi. Usiku ule sikulala vizuri. Kama mpira ulikuwa mkubwa kuliko dini, basi Baba yangu alikuwa mdogo kuliko Kulwa, na hilo sikuweza kulivumilia.

Kisha ikaja barua ya Paroko, padre msimamizi wa parokia yetu. Baba aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Parokia ilikuwa na vigango vingi na mapadre wachache, kwa hiyo vile vilivyopungukiwa waamini vingeunganishwa na vya jirani. Paroko mwenyewe angezunguka kuviona. Kwetu angefika Jumapili ile saa kumi na moja jioni, kituo cha mwisho, na akiona waamini wapo kigango kingebaki. Akiona hawapo, kingefungwa, na Baba angekabidhi funguo za kanisa pamoja na za nyumba tuliyolala. Mama hakuwepo. Alikuwa Misungwi akimuuguza mdogo wake aliyekuwa mahututi baada ya kujifungua, kwa hiyo habari hiyo tulibaki nayo watatu, Baba, Bibi na mimi, tukiizunguka kama sufuria la moto ambalo hakuna anayejua litawekwa wapi.

Ijumaa jioni Kulwa alikuja mwenyewe, kofia mkononi. Alimsalimu Bibi shikamoo, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Mwalimu, nimekuja kama mwanao," alisema. "Jumapili saa kumi na moja ni mpila wa Ghana. Mwafrika mwenzetu. Watu wamenisumbua wiki nzima. Tuombe Padre asogeze, aje saa moja."

"Padre anatoka vigango vitatu, Kulwa. Giza likiingia ile barabara ya mawe hapiti. Padre hasogezwi."

"Na mpila hausogezwi, Mwalimu. Unatazamwa dunia nzima kwa wakati mmoja."

"Misa nayo inasaliwa dunia nzima," Baba alijibu, akatabasamu kidogo. "Usijali. Watakuja. Watu wangu nawajua."

Mimi nami niliwajua, na ndiyo sababu sikuamini. Kibandani kwa Kulwa kulikuwa na desturi ya kuwahi nafasi: asubuhi mtu aliacha ndala yake moja juu ya benchi, akaenda zake na moja mguuni, na hakuna aliyethubutu kuisogeza. Jumapili ile, tulipotoka kwenye ibada ya asubuhi, nilichungulia ndani. Mabenchi yote yalikuwa yamejaa ndala. Nilizijua moja moja. Ile ya bluu iliyoshonwa kwa waya ilikuwa ya mwenyekiti wa kigango. Ile yenye kisigino kilicholika upande ilikuwa ya mwalimu wa kwaya. Yeboyebo ya zambarau, ya mama anayefua vitambaa vya altare. Kanisa la Baba lote lilikuwa limepangwa pale juu ya mabenchi ya Kulwa, guu moja moja. Nilirudi nyumbani nikamkuta anapiga pasi kanzu yake kwa pasi ya mkaa, anaimba. Nilitaka kumwambia. Badala yake nilimpulizia mkaa.

Saa kumi na moja aliniambia nigonge, nikagonga mapigo ya haraka mpaka bega likawaka. Wakaja watu wanne: Bibi, wajane wawili, na Mzee Lukasi, fundi nyavu aliyekuwa na umri mkubwa kuliko kila mtu kilimani na aliyekaa kwenye benchi la kwanza tangu kanisa lilipokuwa la nyasi. Padre alichelewa, na kila dakika aliyochelewa Baba aliipokea kama zawadi. Alipofika, gari lake dogo likiwa jekundu kwa vumbi, Baba aliniambia nigonge tena. Nikagonga. Kutoka kibandani kulikuja mlio wa mavuvuzela, mzinga wa nyuki uliopigwa teke, na sauti ya mtangazaji ikisema kwamba wakati huu ulimwengu mzima macho yake yako hapa. Hakuna aliyetoka.

Padre alikuwa kijana, mpole. Alivaa mavazi yake taratibu, akakaa, akatazama saa yake, akatazama mabenchi. Baba alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Kanzu ilikuwa imenyooka vizuri, bado ina mikunjo ya pasi mabegani. Hakuwa akitazama kibanda. Alikuwa akitazama njia, ile njia ya mawe inayopanda kutoka ziwani, kana kwamba watu wangetokea upande mwingine, watu wengine, wageni, yeyote. Halafu nikaona kidevu chake kinatikisika. Sijawahi kumwambia kwamba niliona. Padre aliinuka akamsogelea, akamwekea mkono begani, akasema kwa upole, "Mwalimu, tusali na hawa tulio nao. Haya mengine tutayazungumza baadaye." Nilijua maana ya hayo mengine. Niliziona funguo, nikamwona Mama akirudi kutoka Misungwi na kukuta mlango wa watu wengine.

Nilitoka nje. Miguu ilitoka, mimi nikaifuata. Nikashika nondo, nikapiga pigo moja.

Nilisali Salamu Maria nzima. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo, kwamba katika uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kuutenda sikukimbiza sala. Nikapiga la pili. Nikasali tena, nikimwombea marehemu ambaye hakuwepo. Nilipoinua nondo mara ya tatu, kelele za kibandani zilikatika ghafla, binadamu wote wakanyamaza, ikabaki sauti ya mtangazaji peke yake. Kisha mlango wa bati ukafunguka.

Walikuja wote. Walikuja mbio, pekupeku, ndala zao zimebaki kwenye mabenchi, wakiruka mawe, wanaume wakivua kofia huku wakikimbia, mwalimu wa kwaya akifunga kanga kiunoni. Kutoka ziwani wakaanza kupanda wavuvi. Kulwa mwenyewe alitoka wa mwisho, rimoti mkononi, akaja hivyo hivyo. Walinipita bila kunitazama, wakaingia kanisani, wakajaa, wakasimama ukutani, wengine dirishani, macho yamewatoka, wakisubiri jina. Na wakati huohuo, kule nyuma yao, televisheni ikapasuka kwa shangwe. Ghana walikuwa wamefunga kwa penalti, zikiwa zimebaki dakika chache mechi iishe, na goli hilo lililoonwa na ulimwengu mzima kilimani petu lilionwa na ndala tu. Hakuna aliyegeuza kichwa.

Baba alinitazama kupitia mlangoni. Nondo ilikuwa bado mkononi mwangu.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imefika mwisho kabla sijaanza kuitembea. "Hakuna, Baba," nilisema.

Alifumba macho. Angeweza kunyamaza. Angeweza kuanza wimbo, Padre angepanda altareni, na kanisa lilikuwa limejaa kuliko sikukuu ya Pasaka. Nilikuwa nimempa alichokitaka, mezani, kimepakuliwa. Badala yake aliwageukia watu akasema kwa sauti ile ile aliyosomea Injili, "Ndugu zangu, hakuna msiba. Mwanangu amewadanganya. Mnisamehe. Rudini mkatazame mpira wenu."

Miguno ilienea. Mtu mmoja alicheka, mwingine akatukana kwa Kisukuma, vijana kadhaa wakatoka mbio. Lakini wengine walibaki. Ningependa kusema walibaki kwa imani. Nadhani walibaki kwa aibu, na kwa sababu goli lilishafungwa. Kulwa alibonyeza rimoti yake hewani kama mtu anayefunga mlango wa mbali, akakaa benchi la nyuma. Padre akasalisha Misa kwa taa ya chemli. Ilipokwisha, akivua mavazi, alimwinamia Kulwa akamuuliza polepole, "Ghana wameshinda?" Nilimsikia. Baba naye alimsikia, na nilimwona ananywea ndani ya ile kanzu yake iliyopigwa pasi. Mimi nilimuumiza kwa uongo wangu, lakini nadhani swali lile lilimuumiza zaidi, kwa kuwa lilikuwa la kweli, na Padre hakukusudia ubaya wowote. Kigango hakikufungwa. Padre alisema ameona kwamba watu wapo, ila Mwalimu awe anaangalia ratiba. Baba alijibu, "Nimesikia, Baba Paroko." Tangu siku hiyo ratiba ya mechi ilibandikwa sebuleni kwetu, pembeni ya ramani ya misalaba.

Hakunichapa. Nilitamani anichape. Kesho yake alinituma nyumba kwa nyumba, mpaka kwa wavuvi, niseme kwa mdomo wangu kwamba nilipiga kengele ya msiba bila maiti. Shikamoo, marahaba, nimekuja kuomba radhi. Wengine walinipa maji ya kunywa, wengine walinifungia mlango. Mzee Lukasi alikuwa amekaa kwenye nyavu zake, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa mjukuu wangu, kama ulikuwa msiba wangu, ungeniambia mapema nikanyoe ndevu." Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka, kwa sababu usiku uliotangulia Bibi alikuwa ameniita kitandani kwake, akaniambia jambo ambalo hakutaka Baba alisikie. Kengele ya msiba hailii bure, alisema. Ikiita, mtu huitika.

Basi Kombe la Dunia lote, lile ambalo wenzangu wanalikumbuka kwa mavuvuzela na nyimbo, mimi nalikumbuka kwa simu ya Baba. Kila ilipoita nilijua ni Misungwi. Nilijua mama mdogo amekufa, au Mama mwenyewe, na kwamba nimewaita mimi. Nilisimama mlangoni nikitazama uso wa Baba anaposikiliza, na mpaka aseme "aa, hali yake ina nafuu" nilikuwa nimeshazika watu wawili na kulea mtoto mchanga. Sikula vizuri. Nilipita mbali na rimu. Nilipomweleza maneno ya Bibi, Baba alisema hayo ni mambo ya giza, Mungu hatumwi na chuma. Lakini niliona kwamba na yeye alikuwa akiitazama simu kwanza kabla ya kuipokea. Mchuma janga hula na wa kwao, nami niliwalisha wangu mwezi mzima.

Wiki ya mwisho ya mashindano, asubuhi, mtu alikuja mbio kutoka chini. Mzee Lukasi hakuamka. Nitasema nilichohisi, ingawa ni aibu: nilifurahi. Haikuwa Misungwi. Kwa muda wa Salamu Maria moja hivi nilishukuru kwamba mzee yule aliyekuja kanisani wakati watu wote hawakuja amekufa yeye na si mwingine, kisha nikajificha nyuma ya jiko nikalia mpaka pua ikatoka damu.

Baba hakunipa nondo. Alipiga mwenyewe. Pigo, kimya, pigo, kimya. Na safari hii nyumba za mteremkoni zilifungua milango, watu wakatoka mpaka vizingitini, wakasimama. Walikuwa wakitazamana. Mwanamke mmoja aliita kutoka chini, "Mwalimu, ni kweli?" Kulwa naye alisimama mlangoni pa kibanda chake, hajui apande au asipande. Baba, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuhitaji kusema neno baada ya mlio ule, aliweka nondo chini, akakusanya mikono mdomoni, akapiga kelele kuelekea ziwani: "Ni kweli, jamani! Ni kweli!" Ndipo wakapanda. Walichimba vizuri, walizika vizuri, hakuna kilichopungua. Lakini mimi nilikuwepo, nilihesabu ule muda waliosimama mlangoni, na ninaubeba mpaka leo.

Sasa naishi mjini, na kilima kile nakipanda Jumapili moja moja. Kanisa limekuwa la tofali za kuchoma, lina vipaza sauti na dishi lake juu ya paa, waamini wanaangalia Misa kutoka ng'ambo siku za sikukuu kubwa. Kibanda cha Kulwa kimekuwa ukumbi wenye skrini nne. Madishi hayo mawili yametazama upande mmoja wa anga, na nimeacha kushindanisha. Kote kuwili watu wanaimba, wanalia, wanavaa sare, wanapenda watu wa mbali ambao hawatakutana nao kamwe. Kitu kimoja tu kiliwahi kuvishinda vyote viwili mbele ya macho yangu, nacho kilikuwa rimu ya lori. Siku hizi misiba inatangazwa kwenye kundi la simu. Mwaka jana mwalimu wa kwaya alifariki siku ya mechi ya watani wa jadi; taarifa ilipotumwa, alama za mikono ya kusali zilimiminika kwenye simu yangu, mistari kwa mistari, na baadaye nikasikia kwamba kaburi lilichimbwa na vijana sita waliokodiwa.

Rimu bado ipo, kwenye ufa wake wa jiwe, haigongwi. Baba amestaafu, moyo wake umechoka, daktari ameshatuambia tujiandae bila kutaja lini. Amenikalisha akanipa agizo moja tu: "Siku yangu usiiweke kwenye simu. Piga chuma. Upige wewe." Nikasema ndiyo. Lakini sijui kama watatoka. Sijui kama watasimama mlangoni wakiuliza ni kweli, au kama hawatafungua mlango kabisa, na hilo siwezi kulijaribu, kwa sababu pigo la kujaribia nilishalitumia nikiwa na miaka kumi na mmoja. Kwa hiyo kila panapokuwa na mechi kubwa, nampigia Baba kabla haijaanza, nikisingizia kumuuliza kama amemeza dawa. Yeye siku hizi anajua ratiba zote kuliko Kulwa. Ananiacha nizunguke na maswali yangu ya dawa na chakula, kisha anacheka kidogo kwa pumzi aliyobaki nayo.

"Tulia, mama," huniambia. "Leo sifi. Watu wote wako mpirani."